Moyo wa Mfalme Shingoni mwa Rafiki: Robert Bruce na James Douglas walikuwa nani kwa nani?

Wengi waliopitia vitabu vya hadithi shuleni wanamjua Robert Bruce, mfalme wa Uskoti katika miaka ya 1300, kwa sababu ya buibui. Mfalme kashindwa vita, kajificha pangoni, kamwona buibui akirusha uzi wake usinase, akarudia, usinase tena, akarudia mpaka ukanasa. Mfalme akainuka, akarudi vitani, akashinda. Mwalimu akifika hapo alifunga kitabu na kutuhimiza tusikate tamaa.

Hatukuambiwa kwamba buibui huyo alikuwa wa mtu mwingine kwanza. Katika karne ya 17, David Hume wa Godscroft aliandika historia ya ukoo wa Douglas, na humo aliyemwona buibui ni James Douglas, mpiganaji wa upande wa Bruce, ambaye alimsimulia mfalme ili amtie moyo. Ni mwandishi Walter Scott, katika karne ya 19, aliyewasimulia watoto kisa hicho akiwa amemweka mfalme peke yake pangoni. Buibui akabaki, rafiki akatolewa.

Filamu za miaka ya karibuni zimemrudisha Douglas machoni pa watu, na kila zinapotazamwa maswali huwa yale yale. Huyu Douglas alikuwa mtumishi wa Bruce, ndugu yake, au rafiki? Kama alipewa mashamba na mfalme, urafiki uko wapi hapo? Je, ni kweli alibeba moyo wa maiti shingoni na kuurusha katikati ya vita? Na hawa si Waingereza wote, mbona wanauana? Nitaanza na hilo la mwisho, kwa kuwa bila kulinyoosha hakuna kingine kitakachoeleweka.

Tunyooshe maneno kwanza

Kiswahili chenyewe kinatuchanganya. Neno "Uingereza" tunalitumia kwa mambo mawili: dola nzima inayotawaliwa kutoka London, na pia nchi moja tu ndani ya dola hiyo, ile ya kusini. Mpenzi wa kandanda haoni shida, kwa sababu anajua Uskoti ina timu yake ya taifa na Uingereza ina yake, na zikikutana uwanjani hakuna wa kumwambia kwamba ni nchi moja. Basi katika miaka ya 1300 mambo yalikuwa hivyo kwa kila kitu: mfalme wake, sheria zake, majeshi yake. Nchi hizo mbili zilikuja kupata mfalme mmoja mwaka 1603 na bunge moja mwaka 1707. Kumwita Bruce Mwingereza ni kumweka upande wa watu aliopigana nao nusu ya maisha yake.

Neno la pili ni kabaila. Kabaila wa zama hizo hakuwa tajiri mwenye nyumba kubwa tu. Alikuwa mtu aliyeshika ardhi kutoka kwa mfalme, na kodi ya ardhi hiyo akailipa kwa mikuki: vita vikitokea, anakuja na watu wake, farasi wao na silaha zao. Chini yake walikuwapo wakulima waliomlipa yeye. Wasomaji wa Kagera ambao wazee wao waliishi chini ya nyarubanja, ule mpango wa zamani wa mabwana wa ardhi na wapangaji wao, hawatahitaji maelezo marefu hapa. Mpango haukuwa ule ule, lakini fundo lake ni moja, yaani ardhi inashuka kutoka juu, na utii unapanda kutoka chini.

Fundo hilo lilifungwa kwa kiapo. Kabaila anapiga magoti, anaikutanisha mikono yake kama mtu anayesali, na bwana wake anaifumbata kwa mikono yake mwenyewe. Kuanzia hapo anaitwa "mtu wake". Bwana naye anakuwa na deni: amlinde na amhakikishie ardhi yake. Mmoja akivunja upande wake, mwingine ana haki ya kuona kiapo kimekufa.

Sasa, ndani ya mfumo kama huo urafiki ulikuwa kitu gani? Lugha yetu ina maneno mengi ya jambo hili: rafiki, sahibu, msiri, mwandani. Ninalolipenda kwa hawa wawili ni mwandani, kwa sababu ndani yake mna neno "ndani". Makabaila wa Uskoti walikuwa wengi, na wengi walimwapia Bruce. Waliofika ndani walikuwa wachache mno.

Wote wawili walikuwa wamenyang'anywa

Mwaka 1286, usiku wa tufani mwezi Machi, Mfalme Alexander wa Tatu wa Uskoti alianguka na farasi wake huko Kinghorn akafa. Mrithi wake alikuwa mjukuu wa kike, mtoto mdogo aliyekuwa Norway. Naye akafa mwaka 1290 akiwa safarini kuja kutawala. Wadai wa kiti wakajitokeza zaidi ya kumi. Waskoti, kwa kuogopa kuchinjana wenyewe, wakamwomba jirani awaamulie: Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza. Mwaka 1292 akamchagua John Balliol, lakini kwa bei yake, kwamba mfalme huyo awe chini yake. Balliol alipogoma, Edward alivuka mpaka mwaka 1296, akauteketeza mji wa Berwick na kumng'oa.

Aliyekuwa akiilinda ngome ya Berwick siku hizo ni William Douglas, baba yake James. Alikamatwa, akaachiwa, akajiunga na uasi wa William Wallace, akakamatwa tena na kufia kifungoni London. Ardhi yake, bonde la Douglas katika wilaya ya Lanark, ikapewa Mwingereza, Robert Clifford. Kijana James alikuwa amepelekwa Paris kwa usalama wake. Aliporudi, William Lamberton, askofu wa St Andrews, alimchukua nyumbani kwake, na mwaka 1304, Edward akiwa ameizingira ngome ya Stirling, askofu akampeleka mbele yake aombe arudishiwe urithi. Edward aliposikia ni mtoto wa nani alikataa katakata. Baba alikuwa adui yangu, akasema, na ardhi nimekwisha kumpa mwingine.

Na Bruce? Hapa ndipo simulizi za mashujaa huwa zinapita haraka. Babu yake Bruce alikuwa mmoja wa wadai wa kiti walioshindwa mwaka 1292, na kwa miaka mingi Robert aliyumba: mara na waasi, mara na Edward. Mwaka 1297 alitumwa na upande wa Edward kwenda kuivamia ardhi ya Douglas yenyewe, akaenda, akaivamia, kisha akabadili mawazo na kujiunga na waasi. Kwa hiyo kabla hajawa rafiki wa James Douglas, Robert Bruce alikwisha kupita kwao na askari wenye silaha. Wanaofikiri urafiki wao ulitoka utotoni au ulirithiwa kutoka kwa wazazi waliangalie hilo.

Tarehe 10 Februari 1306 Bruce alikutana na mpinzani wake mkuu, John Comyn, ndani ya kanisa la watawa la Greyfriars huko Dumfries. Wakagombana, visu vikatoka, Comyn akauawa mbele ya altare. Bruce sasa hakuwa na njia ya kurudi: ama awe mfalme ama afe akiwa mhalifu aliyetengwa na Kanisa. Akakimbilia Scone, mahali wafalme wa Uskoti walipotawazwa tangu zamani, na tarehe 25 Machi akavikwa taji.

James Douglas alimkuta njiani kabla ya siku hiyo. Mshairi John Barbour anasimulia kwamba kijana alimwendea askofu Lamberton faraghani kumwomba ruhusa. Askofu, ambaye hakutaka Edward ajue kwamba ameidhinisha, alimwambia achukue farasi wake kana kwamba anamwiba. Mtunza farasi alipokataa, James akamwangusha kwa pigo, akapanda na kuondoka. Alipomfikia Bruce karibu na Moffat alipiga magoti, akajitambulisha na kuapa. Bruce alikuwa na miaka 31, James takriban 20.

Niseme neno juu ya Barbour, kwa kuwa mengi tunayoyajua yanatoka kwake. Alikuwa padri wa cheo huko Aberdeen, na alitunga utenzi wake mrefu wa maisha ya Bruce karibu mwaka 1375, miaka 45 hivi baada ya Douglas kufa. Aliongea na watu waliowasikia watu waliokuwapo. Sisi tulio na tenzi za vita tunaujua uzuri wa chombo hicho na udhaifu wake: kinahifadhi majina, mahali na mpangilio wa matukio vizuri kuliko watu wanavyodhani, lakini kinapenda shujaa wake. Penye barua au hati za wakati ule nitategemea hizo. Kwingineko nitasema ni Barbour.

Mtumbwi wa watu watatu

Ufalme wa Bruce ulianza kwa maafa. Mwezi Juni 1306 alipigwa vibaya huko Methven. Akakimbilia milimani na watu wachache, wakiwemo mke wake, binti yake na wake wa wenzake. Barbour anasema katika miezi hiyo James alikuwa hodari wa kutafuta chakula: akiwinda, akitega samaki, akiwaletea wanawake mikunga na samaki wa mitoni. Napenda sana picha hiyo. Mtu ambaye nusu ya Uingereza ingekuja kutetemeka kwa jina lake, hapa yuko mtoni, nguo zimelowa, anatafuta kitoweo.

Walipofika Loch Lomond, ziwa refu lililowafungia njia, James ndiye aliyetafutatafuta ukingoni hadi akauona mtumbwi uliozama. Uliingia watu watatu tu. Mmoja akapiga kasia, wawili wakaketi, ukarudi, ukaenda tena, usiku kucha na mchana kutwa, kundi la watu kama 200. Mfalme na James walivuka wa kwanza. Waliokwisha kuvuka na kubaki wakisubiri wenzao, mfalme aliwasomea hadithi ya mashujaa wa Ufaransa ili wasizame katika huzuni.

Waliobaki nyuma hawakuwa na bahati. Mke wa Bruce na binti yake walikamatwa. Dada yake Mary, pamoja na Isabella wa Buchan aliyeshiriki kumtawaza, walifungiwa katika vizimba kwenye ngome za Roxburgh na Berwick. Ndugu zake wa kiume wakanyongwa mmoja baada ya mwingine: Neil mwaka 1306, Thomas na Alexander mwanzoni mwa 1307. Alibaki Edward Bruce peke yake, naye alikuja kuuawa Ireland mwaka 1318. Wadogo zake wanne wote. James Douglas alikuwa hapo kabla ya wa kwanza kufa na alikuwa hapo baada ya wa mwisho.

Hapa ndipo ninapojibu swali la mashamba. Ndiyo, Douglas alikuwa na maslahi. Bila Bruce kushinda, urithi wake ungebaki kwa Clifford milele. Lakini mwaka 1306 kila mwenye hesabu timamu angekimbilia kwa Edward, kama walivyofanya makabaila wengi wa Uskoti wenye ardhi kubwa kuliko yake. Mtu anayetafuta faida hawekezi kwenye mtumbwi uliozama.

Sura yake nyingine

Nisingependa msomaji aondoke akidhani Douglas alikuwa mpole. Jumapili ya Matawi mwaka 1307 alirudi kwa siri katika bonde lake mwenyewe akiwa na watu wawili. Thomas Dickson, mtumishi wa zamani wa baba yake, alimficha na kuwakusanya wenyeji. Askari wa Kiingereza walipotoka ngomeni kwenda kanisani na matawi mikononi, ukelele wa "Douglas!" ulisikika, nao wakashambuliwa humo humo kanisani. Kisha Douglas na watu wake wakaingia ngomeni, wakakuta chakula cha mchana kimeandaliwa, wakala. Wakabeba walichoweza. Unga, ngano na mvinyo uliobaki wakaumwaga chini ghalani, wakawakata vichwa mateka juu yake, wakatia moto. Visima wakavichafua kwa chumvi na mizoga ya farasi. Wenyeji waliita tukio hilo Ghala la Douglas, na jina halijafutika.

Jengo aliloliteketeza lilikuwa nyumba ya baba yake. Hiyo ndiyo ilikuwa mbinu ya Bruce: jeshi la Uskoti halikuwa na nguvu ya kuzilinda ngome zikizingirwa, basi kila iliyotwaliwa ibomolewe ili adui asirudi kukaa. Douglas alianza na ya kwao. Wengine walibomoa za watu.

Waingereza walimwita Douglas Mweusi, na wapo wanaodhani jina hilo linahusu rangi ya ngozi. Linahusu nywele zake, na zaidi ya hapo hofu. Barbour anaandika kwamba wanawake wa kaskazini mwa Uingereza waliwatisha watoto watukutu kwa kumtaja. Lakini anamweleza pia kama mtu mwenye sura ya kijivujivu, mabega mapana, na kithembe kidogo ambacho, anasema, kilimpendeza. Waskoti walimwita James Mwema. Majina yote mawili yalikuwa ya mtu mmoja, ikitegemea umesimama upande gani wa mpaka.

Kwenye vita vya Bannockburn, Juni 1314, kuna kisa kimoja kinachonionyesha urafiki wa watu hawa kuliko hotuba yoyote. Thomas Randolph, mpwa wa mfalme na mshindani wa Douglas kwa sifa, alikuwa amezingirwa na wapanda farasi chini ya Clifford yule yule aliyeshika ardhi ya kina Douglas. Douglas akamwomba mfalme ruhusa aende kumwokoa. Mfalme akakataa: mpango ni mpango. Douglas akaomba tena, kwa unyenyekevu lakini kwa mkazo, mpaka Bruce akakubali. Alipokaribia aliona Waingereza wameanza kuyumba. Akawasimamisha watu wake wasisogee hata hatua, kwa sababu, alisema, tukifika sasa tutampunguzia Randolph heshima aliyoitolea jasho. Mtu aliyeweza kubishana na mfalme wake saa kama ile, na mfalme akamsikiliza, hakuwa mtumishi.

Baada ya ushindi, zawadi zilikuja. Bonde lake, Jedburgh na msitu wake, ardhi nyingi za mpakani. Mwaka 1318 bunge lilipopanga urithi wa kiti liliamua kwamba mfalme akifa mrithi angali mtoto, Randolph awe mlezi wa nchi, na Randolph asipokuwapo, James Douglas. Mwaka 1324 kuna hati wanayoiita ya zumaridi. Miaka miwili kabla, kwenye vita vya Byland, Douglas aliteka makabaila watatu Wafaransa ambao fidia yao ingemtajirisha. Mfalme alihitaji kumridhisha mfalme wa Ufaransa, akawaachia huru. Ili kumlipa mwenzake alimpa mamlaka makubwa ya kisheria katika ardhi zake, na akamvisha pete ya zumaridi kidoleni iwe ushahidi wa zawadi hiyo kwa vizazi.

Tazama lilivyo jambo hilo. Ni mkataba kabisa: deni, malipo, shahidi. Na ni pete, kwenye kidole. Sisi leo tunapenda kutenganisha biashara na mapenzi, tukiona kimoja tunashuku kingine. Wao hawakuwa na ukuta huo. Anayekupenda anakupa ardhi. Anayekupa ardhi unamfia. Na hakuna aliyeona kwamba moja linalitia doa lingine. Hata kwetu, mahari, ng'ombe wa kuazimana na shamba la kuachiana vimebeba upendo wa kweli kwa karne nyingi.

Kwa nini moyo?

Bruce alifia Cardross tarehe 7 Juni 1329, akiwa na miaka 54, mwaka mmoja tu baada ya Uingereza kukubali kwa mkataba kwamba Uskoti ni nchi huru. Alikuwa ameugua muda mrefu. Waandishi wa Kiingereza walisema ni ukoma, na uvumi huo ungalipo, lakini maadui zake waliuona ukoma kuwa adhabu ya Mungu, kwa hiyo walikuwa na sababu ya kuutangaza.

Kabla hajafa aliwaita wakubwa wa nchi. Alikuwa ameweka nadhiri ya kwenda Nchi Takatifu, na damu ya Comyn iliyomwagika kanisani ilikuwa bado inamlemea. Mwili umeshindwa, basi moyo wake uende. Barbour anasema aliwaachia wakubwa wachague mbebaji, nao wakamtaja Douglas; mwandishi wa Ubelgiji, Jean le Bel, anasema mfalme alimchagua mwenyewe. Zote mbili zinaishia kwa mtu mmoja.

Wengi wanaposikia hapo hushtuka: kumpasua maiti na kumtoa moyo? Desturi hiyo ilikuwapo Ulaya kwa wafalme na makabaila, ingawa Papa Boniface wa Nane alikwisha kuikataza mwaka 1299. Kwa hiyo baadaye Randolph alilazimika kumwomba Papa msamaha kwa niaba ya waliohusika, na msamaha ukatolewa Agosti 1331. Kaburi la Bruce liligunduliwa katika abasia, yaani nyumba ya watawa, ya Dunfermline mwaka 1818, na mifupa ilipochunguzwa mwaka 1819, mfupa wa kifua ulikutwa umekatwa kwa msumeno.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatupaswi kuliona jambo hili geni sana. David Livingstone, Mskoti aliyezaliwa Blantyre katika wilaya ile ile ya Lanark alikotoka Douglas, alifia katika nchi ambayo leo ni Zambia mwaka 1873. Wenzake, Susi na Chuma wakiwa mbele, walimtoa moyo, wakauzika chini ya mti, wakakausha mwili na kuubeba kwa miezi mingi mpaka Bagamoyo. Kwa Livingstone moyo ulibaki na mwili ukasafiri. Kwa Bruce mwili ulibaki na moyo ukasafiri. Lakini anayejua ilivyokuwa kutembea na mzigo ule toka bara hadi Bagamoyo, bila bwana wa kukulipa wala kukuona, atamwelewa Douglas upesi.

Maana hicho ndicho kipimo ninachokiona kikubwa. Mwaka 1329 Douglas alikuwa na umri wa miaka 40 na kitu, tajiri, mwenye ngome na heshima. Mfalme mpya alikuwa mtoto wa miaka mitano. Aliyebaki nyumbani wakati huo ndiye mwenye nafasi ya kujikusanyia mamlaka. Douglas aliuweka moyo katika kasha dogo la fedha, akalivaa shingoni kwa mkufu, akapanda meli.

Vita vya Teba, na kile kinachosemekana alirusha

Swali lingine ni hili: kama moyo ulikuwa unakwenda Yerusalemu, ulifikaje Hispania? Barua ya usalama aliyopewa na Edward wa Tatu tarehe 1 Septemba 1329 inataja waziwazi kwamba anakwenda Nchi Takatifu na moyo wa Mfalme Robert. Lakini alipewa pia barua ya kumtambulisha kwa Alfonso wa Kumi na Moja, mfalme wa Castilla huko Hispania. Yerusalemu ilikuwa imara mikononi mwa masultani wa Misri na hapakuwa na jeshi la msalaba la kujiunga nalo. Hispania palikuwa na vita, dhidi ya ufalme wa Kiislamu wa Granada, na kwa fikra za Wakristo wa zama zile vita hivyo vilihesabika sawa. Kwa watu wa Granada, bila shaka, hawa walikuwa wavamizi wengine tu kutoka mbali.

Sevilla, anasema Barbour, shujaa mmoja mwenye uso uliojaa makovu alishangaa kuuona uso wa Douglas hauna hata moja. Douglas akamjibu kwamba anamshukuru Mungu, siku zote alikuwa na mikono ya kukilinda kichwa chake.

Tarehe 25 Agosti 1330, karibu na ngome ya Teba, walikutana na majeshi ya Granada chini ya jemadari mzee Uthman bin Abi al-Ula, mtu wa ukoo wa kifalme wa Morocco. Jinsi Douglas alivyokufa kuna masimulizi mawili ya zamani. Jean le Bel anasema alidhani jeshi zima limeanza kushambulia, akaenda mbele na Waskoti wake, kumbe nyuma hakuna mtu. Barbour anasema alikuwa amewakimbiza maadui mbali mno, akawa anarudi, ndipo akamwona mwenzake, William Sinclair, amezungukwa. Akageuza farasi na watu wachache aliokuwa nao akaenda kumtoa. Wakauawa pamoja.

Na ule moyo aliourusha mbele akiuambia utangulie kama ulivyozoea, naye ataufuata? Hakuna hata moja kati ya masimulizi hayo mawili lenye tukio hilo. Linaonekana kwanza katika shairi la karibu mwaka 1448, zaidi ya miaka 100 baadaye, lililotungwa kwa ajili ya nyumba ya Douglas, na baada ya hapo kila kizazi kikaliongezea chumvi. Maneno "moyo jasiri" ambayo watu wa leo wanayaunganisha na filamu ya mwaka 1995 kuhusu Wallace yamehusishwa pia na moyo huu wa Bruce.

Binafsi sioni hasara kuipoteza picha ya kurusha. Simulizi la Barbour linatosha, na linafanana na mtu tuliyemwona Bannockburn akimwombea Randolph ruhusa: mwenzake yuko taabani, naye anageuza farasi.

Walionusurika walimkuta yeye na kasha. William Keith, ambaye hakupigana siku hiyo kwa kuwa mkono wake ulikuwa umevunjika, alikuwa miongoni mwa waliorudi nalo nyumbani. Hapa ndipo barua moja inapoingia: mwezi mmoja kabla ya kufa, Mei 1329, Bruce alikuwa amemwandikia mwanawe kwamba moyo wake uzikwe katika abasia ya Melrose. Safari ilikuwa nadhiri. Melrose ndiyo ilikuwa mahali pa kupumzika. Mwaka 1921 kasha la madini ya risasi lenye moyo wa binadamu lilifukuliwa hapo na kurudishwa, likafukuliwa tena 1996, likazikwa upya 1998 chini ya jiwe. Hakuna kipimo kilichothibitisha ni moyo wa nani, ila Melrose haikuahidiwa moyo wa mfalme mwingine.

Ukoo wa Douglas uliutia moyo mwekundu kwenye ngao yake na unaubeba hadi leo. Urafiki wenyewe haukurithiwa. Februari 1452, katika ngome ya Stirling, Mfalme James wa Pili, mzao wa Bruce, alimwalika William, mkuu wa ukoo wa Douglas, akiwa amempa ahadi ya usalama, kisha akamchoma kisu kwa mkono wake.

James Douglas, yule wa mtumbwi, hakurudi mzima. Wenzake waliuchemsha mwili wake mpaka nyama ikaachana na mifupa, kama ilivyofanywa kwa waliofia mbali. Nyama ilizikwa Hispania. Mifupa ilirudi katika kanisa la St Bride, kijijini Douglas, na moyo wa Bruce ukaenda Melrose.